Kula bila nyama mwaka mzima kwa kufuata msimu: mwongozo wa jikoni Tanga

Mtu akitangaza kwamba ameacha nyama, swali la kwanza analopigwa ni "sasa utakula nini?" Mara nyingi anayeuliza mwenyewe asubuhi amekunywa chai kwa mihogo, mchana amekula ugali na maharage, na usiku anasubiri wali kwa mchicha wa nazi. Siku imeisha, nyama haijaonekana, na wala hakuna aliyepiga kelele.

Kula bila nyama si kugeni kwetu. Kinachowashinda wengi ni kula hivyo kila siku na kwa mpango. Wapo wanaopika maharage Jumatatu hadi Jumapili mpaka familia inaasi, na wapo wanaokimbilia vitu visivyo na msimu na kujikuta sahani ya mboga inawagharimu kuliko nusu kilo ya nyama. Mwongozo huu ni wa kukwepa hayo mawili. Nimefuata soko la Tanga kwa sababu mji huu umekaa pazuri: pwani yenyewe ina nazi, mihogo na kunde, Muheza inaleta machungwa, na Lushoto inashusha karoti, kabichi, hoho na viazi mviringo. Ukiwa Morogoro, Mbeya au Mombasa miezi itasogea kidogo, lakini hatua hazibadiliki.

Hatua ya 1: Anza na fungu, mapishi yaje baadaye

Ukienda soko la Mgandini na orodha iliyoandikwa nyumbani, utanunua kilicho kwenye orodha hata kama leo ni ghali. Nenda na kikapu kitupu na uzunguke mara moja bila kununua. Angalia mafungu. Bei ya fungu haitembei sana. Kinachotembea ni fungu lenyewe. Nyanya za shilingi 500 mwezi wa nane zinakujaza kiganja na zinabaki. Mwezi wa nne, kwa 500 hiyohiyo, unapewa chache, na mojawapo imeshaanza kulegea upande mmoja. Muuzaji hajakudanganya, ni mvua tu imemdanganya mkulima.

Kanuni ni hii: kitu ambacho kila meza inacho, na fungu lake limenona, ndicho chakula chako cha wiki. Kilichopo kwa watu wawili tu, kwa fungu jembamba, kipite. Kisha ndipo uanze kufikiria utakipikaje.

Kwa Tanga, mwaka unakwenda takriban hivi.

Masika, Machi hadi Mei, ni miezi ya majani. Mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda, na ule mchunga wa kuokota ambao uchungu wake ama unaupenda ama unaukimbia. Mvua hiyohiyo inaleta ukungu kwenye nyanya, kwa hiyo nyanya hupanda. Usishindane nayo. Uchachu wa mchuzi utoe kwenye ukwaju: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kiloweke kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, kamua, chuja, mimina mchuzi ukikaribia kuiva. Ndimu nayo inafaa, ila itie baada ya kuepua.

Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kushiba. Yanaanza mahindi mabichi na kunde mbichi, zinafuata mbaazi mbichi, mihogo na viazi vitamu vinajaa, nyanya zinashuka, na machungwa ya Muheza yanauzwa kwa viroba. Mtu wa mboga akiwa na pesa ya ziada, azitumie miezi hii, kwa kununua vya kukausha na vya kuweka akiba.

Vuli inaleta majani tena kuanzia Oktoba au Novemba, pamoja na maembe na mananasi. Embe bichi likikwaruzwa na kutiwa chumvi, pilipili na kitunguu ni kachumbari isiyohitaji nyanya hata moja.

Januari na Februari ndipo penye mtihani. Jua ni kali, mchicha unapatikana kwa wenye maji ya kumwagilia tu, na unauzwa kama wenye maji wanavyotaka. Hapo mkombozi ni kisamvu na matembele, maana muhogo na kiazi kitamu vinavumilia ukame, pamoja na bamia, nyanya chungu na akiba yako ya kunde kavu.

Hatua ya 2: Chungu cha jamii ya kunde kisikauke

Hii ndiyo nguzo. Asiyekula nyama wala samaki protini yake kubwa inatoka hapa, kwa hiyo angalau mlo mmoja kwa siku uwe na maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu, fiwi au njugu mawe. Nunua aina tatu kwa wakati mmoja, kilo moja moja, uzipokeze. Familia haichoki na kunde. Inachoka na kitu kilekile kwa mchuzi uleule.

Gharama halisi ya vyakula hivi ni mkaa na muda kuliko bei ya sokoni, kwa hiyo panga moto wako:

1. Chambua, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, weka mapya. Gesi tumboni inapungua na moto unaohitajika unapungua.
2. Maharage, hasa mekundu, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage yasiyoiva yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi.
3. Baada ya hapo unaweza kuhamishia sufuria, ikiwa imefunikwa na bado inatokota, kwenye kapu lililojazwa vitambaa au blanketi kuukuu. Funika vizuri uende kazini. Ukirudi yamelainika, na unamalizia kwa moto kidogo tu. Kwa kande, ambazo zinakula mkaa kuliko chakula chochote nijuacho, njia hii ni lazima.
4. Chumvi kidogo haina neno mapema, ila nyanya, ukwaju na ndimu zisubiri mpaka punje zilainike. Uchachu unazifanya zigome.
5. Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini na kuacha ladha ya sabuni. Kama umeloweka, huyahitaji.

Kilo moja ya maharage makavu ikiiva inazidi kilo mbili, kwa hiyo ukipika nusu kilo una mboga ya watu wanne kwa siku mbili. Mwenye friji agawe kwenye vyombo vidogo kabla ya kuunga. Asiye na friji asipike ya zaidi ya siku moja na nusu. Achemshe upya asubuhi na jioni, na tui asilitie mpaka siku ya kula, kwa sababu mboga ya nazi ikilala kwenye joto la Tanga inachacha.

Choroko ndizo za dharura. Hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa dakika 30 hadi 40. (Jirani zetu Wakenya wanaziita ndengu, na sisi dengu ni kitu kingine kabisa, ukifuata maelekezo ya mapishi ya mtandaoni hakikisha kwanza yameandikwa upande gani wa mpaka.) Choroko pia zinaoteshwa: loweka usiku, chuja, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu, suuza asubuhi na jioni. Siku ya pili zimetoa mikia. Kaanga na kitunguu na karoti kwa dakika chache. Januari, majani yakiadimika, choroko zilizoota zinakupa vitamini C ambayo punje kavu haina.

Kunde kavu zikikuchosha kwenye mchuzi, zigeuze bajia. Loweka mpaka maganda yalegee, yasugue yatoke, saga na kitunguu saumu, pilipili na giligilani, usiongeze maji, piga rojo kwa mwiko mpaka liwe jepesi, kisha kaanga. Rojo likiwa na maji mengi linakunywa mafuta.

Hatua ya 3: Kila jani na moto wake

Mchicha hauhitaji zaidi ya dakika tano. Osha kabla ya kukata, wala usioshe baada ya kukata, maana utamwaga nusu ya faida kwenye karo. Mchicha wa mjini unalimwa hata kandokando ya mitaro, kwa hiyo osha kwa maji matatu, ya kwanza yakiwa na chumvi. Kaanga kitunguu, tia mchicha na maji yake ya kuoshea yaliyoganda kwenye majani, funika kidogo, geuza, epua ukiwa bado na rangi.

Majani ya maboga yavuliwe nyuzi kwanza: shika kikonyo, kivunje, vuta ngozi kushuka chini. Asiyefanya hivyo atatafuna kamba. Majani ya kunde yanapendana na karanga. Mlenda hautaki kukorogwa sana wala kufunikwa.

Kisamvu ni habari nyingine na kinastahili uvumilivu. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi, na inayoiondoa ni kazi ya mikono pamoja na moto wa kutosha. Chuma majani machanga ya juu, toa vikonyo, twanga mpaka yawe kama uji mzito. Kutwanga si kwa ajili ya ulaini tu: kunapasua jani na kuifungua sumu ili itoke na mvuke. Kwa hiyo kichemshe kwa maji mengi, sufuria *wazi*, angalau nusu saa. Mimi huenda karibu saa nzima. Utaona rangi inahama kutoka kijani cha kung'aa kwenda kijani kilichokolea, na ile harufu ya majani mabichi inapotea kabisa. Kama harufu bado ipo, hakijaiva, hata njaa iwe kali vipi. Kisamvu kilichosagwa tayari sokoni kinaokoa muda wa kutwanga, hakiokoi muda wa kuchemsha.

Maji yakikauka tia kitunguu, nyanya chungu zilizokatwa vipande na tui la pili. Likikauka, malizia kwa tui la kwanza na chumvi. Wapwani wengi hapa huongeza kunde au mbaazi zilizoiva ndani ya kisamvu, na hapo una majani na protini kwenye bakuli moja.

Kuhusu nazi yenyewe: chagua nzito, itikise usikie maji, angalia yale macho matatu, yakiwa na ukungu au unyevu, iache. Kuna, kamua mara ya kwanza kwa maji kidogo ya vuguvugu, hilo ndilo tui zito. Kamua tena mara mbili kwa maji mengi, hilo ndilo la kupikia. Tui zito linaingia mwisho, kwa moto mdogo, huku unakoroga kwa kuchota na kumimina, usije ukalikata. Kwa mboga ya watu wanne nazi moja inatosha. Mbili ni sherehe.

Kwa siku ambazo hutaki nazi, iga Wahindi wa pwani, ambao baadhi yao hawajagusa nyama vizazi na vizazi: dengu au choroko zikishaiva, pasha mafuta kijiko kimoja, tupia uzile (bizari nyembamba) na haradali mpaka vipasuke, kitunguu saumu na pilipili kavu, kisha vimwagie juu ya sufuria na kufunika hapohapo. Ni kazi ya dakika mbili, na choroko zilezile za jana zinakuwa chakula kipya.

Hatua ya 4: Panga siku kabla ya kupanga wiki

Ratiba ya wiki nzima ubaoni haidumu, kwa sababu soko halikuulizwa. Panga siku kwa maswali matatu: kunde iko wapi, jani liko wapi, tunda chachu liko wapi? Vikikamilika, siku imekaa.

Siku ya Agosti inaweza kuwa mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi asubuhi, wali kwa mbaazi mbichi za nazi na kachumbari mchana, chungwa saa kumi, na ugali kwa majani ya kunde na karanga usiku. Mbaazi mbichi ni raha ya msimu: hazilowekwi, zinaiva kwa nusu saa hivi, na mbaazi kavu haziifikii ladha yake. Zikiwepo, kula mpaka zikome.

Siku ya Januari ni viazi vitamu asubuhi, ugali kwa choroko zilizoungwa mchana pamoja na embe, na usiku wali kwa kisamvu chenye kunde. Ukipata viazi lishe, vile vya ndani rangi ya chungwa, chukua hivyo kabla ya vyeupe; vina vitamini A tele.

Ugali na maharage, wali na mbaazi, kande: wazee walikuwa wanajua walichokuwa wanafanya. Nafaka ina upungufu ambao kunde inauziba, na kunde ina upungufu ambao nafaka inauziba.

Hatua ya 5: Ziba mianya

Hapa watu wengi wa mboga wanateleza bila kujua.

Madini ya chuma yapo kwenye kunde na majani, lakini mwili unayachukua kwa shida kuliko ya nyama. Ndimu juu ya mchicha au chungwa pamoja na mlo vinasaidia sana. Chai na kahawa zinazuia, kwa hiyo ziache mpaka saa moja hivi ipite baada ya kula. Najua chai kwa maharage ni ndoa ya zamani, ila kwa mwenye upungufu wa damu ni ndoa ya hasara.

Vitamini B12 haimo kwenye mimea. Kama unakula mayai na kunywa maziwa, kikombe kimoja cha maziwa au mtindi na mayai mawili kwa siku vinakusogeza karibu na mahitaji ya mtu mzima. Kama umeacha hata mayai na maziwa, unahitaji vidonge au chakula kilichoongezewa B12, na hapa hakuna mjadala. Upungufu wake unachukua muda kujitokeza na unaumiza mishipa ya fahamu. Mjamzito na mtoto mdogo wasiingizwe kwenye mtindo huu bila kuzungumza na kliniki.

Madini joto: aliyeacha samaki ameacha pia chanzo cha madini hayo. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo pwani huku mara nyingi haijaongezewa. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, na uitie mwisho wa kupika.

Na karanga, rafiki mkubwa wa mboga zetu, zichambue moja moja. Zilizokunjamana, zenye weusi au ukungu, na ile moja chungu unayoitema, zote ni za kutupa, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haimalizwi na kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Unga wa karanga uliosagwa tayari huwezi kuuchambua, kwa hiyo bora usage mwenyewe.

Hatua ya 6: Weka akiba mwezi wa nane

Nyanya: kata vipande vyembamba, nyunyiza chumvi, anika juani kwenye ungo uliofunikwa chandarua, ingiza ndani kila jioni maana umande wa pwani unarudisha kazi nyuma. Zikikatika badala ya kupinda, weka kwenye chupa yenye mfuniko unaokaza. Majani ya kunde na matembele yapitishe kwenye maji ya moto yenye chumvi, kamua, kausha kivulini penye upepo. Jua kali linaua vitamini. Ukwaju utoe mbegu, ukande kwa chumvi kidogo, utakaa mwaka. Kunde na maharage ya akiba yawe makavu kweli, kwenye ndoo iliyojaa hadi juu na kufungwa pasipite hewa, vinginevyo wadudu watakula kabla yako.

Hatua ya 7: Ukila nje

Kwa mama ntilie, usiseme "sili nyama." Ataitikia vizuri kabisa na kukuletea samaki. Sema "nataka mboga isiyo na nyama, samaki wala dagaa," na usiishie hapo: uliza kama kisamvu kimetiwa dagaa wa kusaga, mchicha umepikwa na papa mkavu, na wali ni wa supu au wa maji. Maharage kwa kawaida ni salama. Uliza kabla hajapakua, kwa upole: "Mama, shikamoo, hii ya nazi ina kitoweo ndani?" Atakwambia ukweli, na ukiwa mteja wa mara kwa mara atakuwa anakutengea pembeni kabla ya kutia dagaa.

Dar es Salaam ni rahisi zaidi. Kisutu na mitaa ya jirani ina hoteli za Wahindi zisizopika nyama kabisa, ambako huna haja ya kuuliza chochote. Kwenye mikusanyiko ya Wasabato nako utakuta wenzako.

Harusini na msibani ni ngumu kidogo, kwa sababu pilau ni la nyama na mwenyeji ana watu 300 wa kuwahudumia. Kula kitu nyumbani kabla ya kutoka. Ukifika, chukua kachumbari, ndizi, chapati au maharage kama yapo, na kaa mezani na watu. Ikiwa ni shughuli ya ndugu, jitolee kuleta sufuria ya mbaazi za nazi. Peleka kubwa, maana wala nyama watakuwa wa kwanza kuifikia.